Mzee Kipofu Alijua

Columbus, baridi ikielekea kwisha

Yaya Faida, dada yangu mkubwa, mama wa sisi tuliobaki bila mama,

Nakusalimu haraka kabla hujaitia karatasi hii jikoni. Mguu wa kushoto unasemaje? Kifua kimetulia? Na yule jogoo wako mwenye kiburi, bado anafukuza watoto wa jirani au mmekwisha kumtia sufuriani? Mimi ni mzima, isipokuwa magoti, ambayo tangu nifike Marekani yanatabiri theluji vizuri kuliko televisheni. Meno ni yaleyale uliyoyaacha, toa moja. Mjukuu wetu Riziki ni mzima na amenenepa kidogo, lakini usimwambie nimesema.

Nimekuandikia kwa sababu simu hupokei. Inalia mpaka inachoka yenyewe. Nimeambiwa umeapa mbele ya kina mama wa kwaya kwamba hutapokea simu inayotoka nyumba ya Asukulu, iwe yangu au ya Riziki, mpaka huyo Asukulu, yaani mimi, atoke kwa Wayahudi. Bon, sawa. Barua haina kitufe cha kukata. Utaichoma, najua, lakini nakufahamu tangu tukitembea uchi: utaisoma kwanza, utaisoma tena ili upate makosa yangu ya kucheka, ndipo uichome. Anakuletea Mama Zawadi, jirani yetu, anayekuja huko kambini Nyarugusu kumwona mama yake. Nimemwagiza asikupe kitenge alichokubebea mpaka akuone umevaa miwani.

Neno lenyewe nilitaje mapema, usije ukachoka njiani. Riziki anaolewa. Ni Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka, huko Louisville, kwa kina Amani, yule kijana anayepanga mizigo ya ndege. Mtoto huyu mama yake alimwacha hajaota hata jino, na wewe ndiye uliyembeba mgongoni kambi nzima, mpaka leo mgongo haujanyooka. Sasa anasema haingii kanisani kabla Bibi yake hajambariki kwa sauti yake mwenyewe, hata kama ni kwa simu. Nikamwambia mimi ni babu yake, niko hapahapa, na mikono ninayo yote miwili. Akanijibu, "Babu, wewe ni wa pili."

Mambo mengi siku hizi ananijibu kwa Kiingereza. Hilo alilisema kwa Kiswahili, ili liniume vizuri. Na ana haki. Kwetu mdogo hawezi kuweka mkono kichwani mwa bibi harusi wakati mkubwa wake yuko hai na amenyamaza. Donc, basi, harusi yote imekaa juu yako, na wewe umeziba masikio.

Kwa hiyo keti nikueleze nilivyofika kwa Wayahudi, maana uliyoyasikia yametoka Buffalo kwa binamu yetu Wilondja, na Buffalo huko theluji inafika madirishani, watu hawana pa kwenda, wanabaki na simu tu.

Ilianza na kazi ya Riziki. Anatunza wazee majumbani mwao. Mzee wake wa Jumamosi anaitwa Mzee Leo, daktari wa meno aliyestaafu, anakaa Clintonville, miguu imemgomea, anasukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Kila Jumamosi asubuhi lazima apelekwe sinagogi. Mimi nilikuwa nabaki peke yangu hapa Northland, kwenye apatimenti, nikiangalia mabasi ya Morse Road yakipita na watu ambao hawanisalimii. Siku moja nikaamua kukaanga dagaa. Kile kidude cha moshi kilichobandikwa darini kikapiga kelele jengo zima, wazima moto wakaja na kofia zao, wakakuta mzee amesimama na kijiko anawauliza kama wanakula. Riziki aliporudi akasema basi, Jumamosi sibaki tena peke yangu. Nikawa mzigo wake wa pili: Mzee Leo mbele kwenye kiti, mimi nyuma na mwamvuli wake.

Nilitegemea kukuta watu wenye ndevu wakilia. Nikakuta meza. Meza ndefu, samaki mwekundu aliyetiwa moshi, mikate ya mviringo yenye tundu katikati kama gurudumu la baiskeli ya mtoto, kahawa ya bure, na watu wazima wamefungua vitabu wanagombana. Nikamuuliza Riziki kama kuna kesi. Akasema hapana Babu, ndiko kusoma kwao. Kila Jumamosi wana kipande cha Maandiko. Wanakisoma pamoja, halafu wanakaa wawiliwawili, na kazi ya kila mmoja ni kumpinga mwenzake. Anayekubali harakaharaka wanamwangalia kama mtu aliyekuja bila kuoga.

Na anayewaongoza, Yaya, shika kiti. Ni mwanamke. Anaitwa Rabi Dina, umri wake ni wa kuwa binti yetu, na siku nyingine anafundisha huku mtoto wake mdogo amening'inia kwenye sketi. Nimekuona umefumba macho. Fumbua, tuendelee.

Nilipewa Mzee Leo awe mwenzangu wa kusoma, kwa sababu hakuna mwingine aliyemtaka. Anabishana mpaka na saa ya ukutani. Kiingereza changu mimi ni cha dukani na cha kituo cha basi, kwa hiyo Riziki alikaa katikati yetu akitafsiri. Nikagundua anasafisha maneno yangu. Natoa sentensi ndefu yenye pilipili, yeye anapeleka kijisentensi cha balozi, Mzee Leo anatikisa kichwa kwa adabu. Nikamwambia Riziki apeleke matusi yangu yote kama yalivyotoka. Alipoyapeleka, mzee yule alicheka mpaka meno ya juu yakamshuka, na ni meno aliyojichongea mwenyewe. Tangu hapo tumekuwa marafiki. Nikiongea haniangalii machoni, ananiangalia mdomoni. Ameshaniambia jino langu la nyuma litanitesa kabla ya joto kurudi.

Alhamisi hapohapo kuna darasa la Kiingereza kwa sisi tuliokuja, Wasomali, Wanepali, na sisi Wakongo tunaochelewa. Upande wa pili wa ukuta kuna darasa la watu wao wenyewe, watu wazima wasiojua herufi za Kiebrania. Nilichungulia. Kuna bibi wa umri wako ambaye alipokuwa msichana hawakumfundisha kwa sababu ni msichana, sasa anajifunza herufi moja moja ili siku moja asome mbele ya watu. Anaifuata herufi kwa kidole, kutoka kulia kwenda kushoto, ulimi nje. Nikakuona wewe na mkaa wako, kwenye ukuta wa jikoni, ukinifundisha kuandika baada ya mimi kuishia darasa la tatu, na kofi lililokuja kila nilipogeuza S. Nikaingia nikakaa kando yake. Sasa najua herufi tatu. Usimwambie Wilondja, atasema zimebaki chache.

Majani yalipoanza kuanguka wakawa na sikukuu ya vibanda. Wanajenga kibanda uani, wanakula ndani yake juma zima, kukumbuka wazee wao walivyokaa jangwani walipotoka utumwani. Nikawakuta wanahangaika na nguzo, nikawaambia waniachie. Miaka yote ile Nyarugusu, nani aliyewajengea ukoo mzima? Nikafunga nguzo, nikapanda ngazi, Riziki akinipigia kelele kutoka chini, nikapanga matawi, halafu nikachukua turubai nililoliona stoo nikalifunga juu kwa kamba pande zote. Hata mate ya ndege yasingepita. Nikashuka nikangoja sifa. Wakasimama wakitazama juu. Halafu Rabi Dina akacheka mpaka akakaa kwenye majani. Kumbe sheria yao inataka paa bovu. Ukikaa ndani lazima uone nyota, na mvua ikinyesha ikupate. Paa langu lilikuwa zuri mno, halifai. Wakanipandisha tena nikalifungue.

Tulipokaa humo kula, upepo ukipita kati ya matawi, Mzee Leo akaniuliza kama nimewahi kukaa kwenye kibanda. Nikamwambia nimekaa miaka, na dada yangu bado yumo. Hilo Riziki alilipeleka bila kulisafisha. Hawakunirushia pole. Mzee Leo alisema wao wanakaa humo juma moja ili wasisahau, na kwamba itakuwa aibu kula ndani ya kibanda bila kumtaja mtu anayelala kwenye kibanda kweli. Akaniuliza jina lako. Yaya, jina lako lilizunguka ile meza kabla mkate haujakatwa. Faida, Faida, kila mmoja akijaribu kulitamka, mwingine akilivunja kama biskuti. Na wewe huku unanizimia simu.

Sasa habari ya kwamba wamenigeuza. Kanisani kwetu mgeni hafiki kwenye kiti chake kabla hajaulizwa kama ameokoka. Hawa, miezi yote hii, hakuna hata mmoja aliyeniomba niwe Myahudi. Mwishoni nikahisi nimedharauliwa. Nikamfuata Rabi Dina nikamuuliza kama hawanitaki. Akasema, "Mzee, wewe una kanisa lako. Hapa kaa, kula samaki, bishana." Na ile habari nyingine aliyoieneza Wilondja, ya kwamba wamenitahiri upya, Yaya, wewe ulikuwepo siku ile, ulinisikia nilivyolia mpaka ng'ambo ya mto. Unajua vizuri kwamba hakuna kilichobaki cha kukata.

Basi nifike kwenye kosa lenyewe.

Jumamosi moja kipande chetu kilikuwa ni kile kisa cha mzee kipofu na wanawe mapacha. Wewe unakijua kuliko mimi. Mzee anataka kumbariki pacha mkubwa, yule mwenye manyoya mikononi, anamtuma mawindoni kwanza. Mama anamvisha pacha mdogo ngozi za mbuzi mikononi, anampa nyama aliyoipika, anamwingiza kwa mzee. Mzee anampapasa, anashangaa kwamba sauti ni ya mdogo na mikono ni ya mkubwa, halafu anambariki hivyohivyo. Mkubwa anarudi na mawindo yake, amechelewa.

Mzee Leo alisema mzee alidanganywa, maskini, macho hana. Mimi nikakataa. Nikamwambia habari za baba yetu. Macho yake yalipokufa, si alijua nani ameingia kwa jinsi mlango ulivyolia? Unakumbuka nilivyokuwa nikinyata nimguse sikio, naye ananiacha nifike, ananiacha niguse, anaruka kama mtu aliyeshtuka, na sote tunacheka, mpaka siku nilipokuwa mkubwa ndipo nikafahamu kwamba alikuwa amenisikia tangu uani. Nikamwambia Mzee Leo: hakuna baba asiyejua sauti ya mwanawe. Yule mzee alijua. Alikubali kudanganywa.

Mzee Leo akaweka kidole kwenye kitabu. Kama alijua, mbona yule mkubwa alipoingia, mzee alitetemeka? Imeandikwa alitetemeka sana. Mtu hatetemeki kwa jambo analolijua.

Riziki alifurahi mno, akasema ni mara ya kwanza ameona babu yake amefunga mdomo bila kulala. Nikarudi nyumbani na lile swali kooni kama mwiba wa samaki.

Kesho yake ni Jumapili, niko kanisani kwetu, ule ukumbi tunaokodi mtaa wa Linden. Na Pasta Elia, bila kujua, akafungua kisa kilekile. Akahubiri kwamba mzee kipofu alidanganywa kwa sababu ya tumbo, alitanguliza nyama, ndiyo maana akapotea. Watu wakaitikia amina. Yaya, nilivyozoea ile meza ya Jumamosi nilisahau niko wapi. Nikasimama. Nikasema, "Pasta, hapo sikubali." Halafu nikafanya baya zaidi: nikamgeukia Mama Zawadi aliyekaa kando yangu, nikamwambia achague upande, tubishane.

Pasta alinyamaza na maikrofoni mdomoni. Mama Zawadi alijifunika uso kwa kitenge. Mimi nikaona kimya kile ni nafasi, nikaanza kueleza habari za baba na mlango. Mpiga kinanda akaona hatari akaanza wimbo, kwaya ikamfuata, na mzee mmoja wa kanisa akanishika kiwiko kwa upole, kama mtu anayemtoa mbuzi shambani. Nilikuwa bado naeleza tulipofika mlangoni.

Na ibada yetu, kwa bahati mbaya, inakwenda laivu kwenye simu. Wilondja alikuwa kitandani kwake Buffalo na chai, ameona kila kitu. Kabla wimbo haujaisha alikuwa amekupigia.

Uliyoyafanya wewe unayajua. Huku, Pasta alimwita Riziki na kumwambia kwamba ndiye atakayefungisha ndoa kule Louisville, lakini hawezi kunisimamisha mbele ya watu kuweka mkono kichwani mwa bibi harusi, wakati hawajui nimesimama wapi. Halafu simu yako ikawa haipokelewi. Riziki hakulia. Alichukua vitambaa alivyowashonea kina mama wa harusi, akavikunja kimoja kimoja, akavirudisha kabatini, akafunga. Nilimsikia akimwambia Amani kwenye simu kwamba labda waende tu kusaini serikalini, wao wawili. Hilo ndilo lililonishtua. Kupigiwa wimbo niliweza kucheka.

Nikamtumia Pasta ujumbe aje anihoji. Akaja na wazee wawili wa kanisa, suti nyeusi, Maandiko kwapani, kama watu waliokuja kuzika. Niliwawekea chai na maandazi. Pasta hakugusa kikombe.

"Mzee Asukulu, umegeuka Myahudi au hujageuka?"

"Sijageuka, Pasta. Wao wenyewe hawanitaki, wanataka nile samaki tu. Keti. Nani aliyekwambia yule mzee alidanganywa?"

"Imeandikwa."

"Imeandikwa alipapasa mikono. Haikuandikwa kwamba alisadiki."

Akafungua kitabu kunionyesha. Akasoma, akarudi nyuma, akasoma tena polepole. Mmoja wa wazee, ambaye ana mapacha nyumbani, akakohoa akasema kwa heshima kwamba yeye wake anawajua gizani, hata wakivaa nguo za mwenzake. Pasta akamgeukia, "Na wewe pia?" Yule wa pili akaingia upande wa Pasta. Ikawa wawili kwa wawili, kama kule Jumamosi, na hakuna aliyewapanga. Pasta akavua koti. Kikombe kikanywewa, kikajazwa, kikanywewa. Mke wake alipiga simu kuuliza kama nimemtendea vibaya.

Mwishoni Pasta akafika kwenye kutetemeka, vilevile kama Mzee Leo. Nikamwambia hilo sina jibu lake. Alifurahi, Yaya, alifurahi kama mtoto. Akavaa koti lake akasema, "Mzee, kuuliza si kosa. Kosa ni kuuliza nikiwa na maikrofoni."

Nikaona ana haki. Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya watu nikaomba radhi kwa kukatisha mahubiri. Kwa swali lenyewe sikuomba radhi, na Pasta hakunidai. Akanishika mkono, akasema nitasimama Louisville pamoja na familia. Na siku hizi Jumatano baada ya maombi anatuachia nafasi ya kubishana. Kina mama ndio wabaya zaidi. Mama Zawadi, aliyejifunika kitenge, sasa hanyamazishiki, mwulize mwenyewe, yuko mbele yako hapo.

Ila siku ile nilipoomba radhi, intaneti ya kanisa ilikatika. Buffalo hawakuona kitu. Wilondja anasema hawezi kukupelekea jambo ambalo hakuliona kwa macho yake. Ameanza lini kuwa na msimamo huo, sijui.

Ndiyo hivyo. Pasta tumemaliza. Umebaki wewe.

Sitakuomba utoke kwenye kiapo chako. Najua neno ulilolisema mbele ya kwaya halirudi mdomoni, na kina mama wale wana kumbukumbu. Wala sitakuambia kwamba nitaacha kwenda Jumamosi, kwa sababu nitakuwa nakudanganya. Mzee Leo hana mwingine wa kugombana naye, na mimi nilikuwa sina mtu wa kuongea naye tangu nilipokuacha ukinipungia mkono pale basi lilipotupakia. Nina watu wengi wa kunionea huruma hapa. Wa kunipinga walikuwa hawapo. Wewe ulinipinga maisha yangu yote, Yaya, hata juu ya chumvi, na sikujua kupingwa huko ni chakula mpaka nilipokikosa.

Nisalimie shemeji Yohana, mumeo mvumilivu. Kofia aliyoniagiza nimeipata, ila nimesahau ukubwa wa kichwa chake, nimechukua kubwa kwa usalama. Nisalimie mwanao Echa, fundi baiskeli wetu. Msalimie Mlasi, mtoto wa marehemu kaka yetu, na umshukuru kwa kupalilia kaburi la mama yake Riziki. Siku ya harusi aweke ua pale, lolote linaloota. Na mama kiongozi wa kwaya, shahidi wa kiapo chako, msalimie sana, kwa sababu ndiye nitakayemhitaji.

Maana lile jibu nimelipata. Nilikuwa ndani ya basi, Morse Road, nimekaa karibu na dirisha, nikicheka peke yangu mpaka dereva akanitazama kwenye kioo. Yule mzee alijua. Lakini alikuwa ameshasema, na nyumba ilikuwa imesikia, kwamba baraka ni ya mkubwa. Mtu mzima harudishi neno. Alipoguswa na mikono ile ya ngozi ya mbuzi alimshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba kuna mtu amemtafutia njia. Akapapasa, akasema basi, mikono ni ya mkubwa, akambariki mdogo, ambaye ndiye aliyemtaka moyoni tangu mwanzo. Na mkubwa alipoingia, watu wote wakiangalia, akatetemeka. Angefanya nini kingine?

Nilimpelekea Mzee Leo jibu hilo Jumamosi iliyopita. Aliangalia mdomo wangu kama kawaida yake. Akasema bado hakubali, ila nikitoka Louisville nimletee habari.

Sasa sikiliza vizuri. Jumamosi ile, kwenu jua likiwa limeshazama, simu yako italia. Haitakuwa namba yangu wala ya Riziki. Itakuwa namba ya Louisville, ya Amani, kijana wa watu, ambaye nyumba yake kiapo chako hakikuitaja, na mama kiongozi wa kwaya ni shahidi. Utasikia sauti usiyoijua inakuambia shikamoo, Bibi. Nyuma yake utasikia mzee anakohoa. Usiulize ni mzee gani. Riziki atakuwa amepiga magoti mbele ya watu, na hiyo simu itakuwa imeshikwa juu ya kichwa chake. Mkono ulioishika huuoni, uko mbali. Sema yale uliyokuwa ukimwimbia mgongoni, au sema chochote, mradi ni wewe. Ukimaliza, ndipo wa pili atakapoweka mkono wake.

Na kina mama wa kwaya wakija baadaye kukuuliza kama ulijua ile simu imetoka kwa nani, tetemeka kidogo.

Ni mimi, ambaye siku ile hutanijua,
mdogo wako,
Asukulu